Saluni Haina Faida: Tufunge au Tuendelee?

(Mazungumzo na wanakisomo wa Makongolosi, Wilaya ya Chunya)

Ndugu wanakisomo,

Mmetuuliza swali gumu, nasi tumeona afadhali tulizungumze mbele ya wote, maana linawahusu wengi. Mtu ana saluni yake. Wateja wamepungua. Kila mwisho wa mwezi anahangaika kulipa pango. Je, afunge au avumilie?

Majirani wamekwisha kumjibu. Mmoja amesema, "Vumilia, dada, biashara ni subira." Mwingine amesema, "Funga, mama, utauza hata kiwanja." Sisi hatutasema hivi wala vile kabla ya kufungua daftari. Subira haikuonyeshi kama fedha inaingia au inatoka. Daftari linakuonyesha.

Kwanza tutazame mahali tunapoishi. Makongolosi ni mji wa dhahabu. Duara likitema, wote wana fedha: mwenye duara, mwenye karasha, mama lishe, kijana wa bodaboda, na msusi naye. Duara likikauka, mama yule yule aliyesuka kila wiki mbili anajifunga kitambaa kichwani miezi miwili. Jambo hili si geni. Miaka ya 1930 watu walimiminika katika machimbo ya Lupa kutoka pande nyingi. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1950 migodi mikubwa ya huku ilikuwa imefungwa, na biashara nyingi zilizoitegemea zikaondoka nayo.

Kwa hiyo mwezi mmoja mbaya haukuambii kitu. Mwezi mmoja mzuri nao haukuambii kitu. Wakati wa mvua maduara hujaa maji na fedha huwa chache. Katikati ya mwaka wakulima wa tumbaku hupata malipo yao. Desemba watu husuka kwa ajili ya sikukuu. Ukitaka kujua kama saluni inashuka, linganisha Februari hii na Februari ya mwaka jana, usiilinganishe na Desemba. Na kama mwaka jana hukuandika, basi anza kuandika leo.

Sasa chukueni kalamu. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini mambo yake mtayatambua. Mama mmoja amepanga chumba karibu na stendi. Anaye binti wa dada yake anayemsaidia kusuka. Mwezi mmoja daftari lake linasema hivi:

Kusuka: shilingi 283,000.
Draya na dawa ya nywele: shilingi 27,000.
Jumla iliyoingia: shilingi 310,000.

Pango: shilingi 50,000.
Umeme: shilingi 30,000.
Rasta, uzi, mafuta na dawa: shilingi 120,000.
Malipo ya binti: shilingi 60,000.
Jumla iliyotoka: shilingi 260,000.

Zimebaki shilingi 50,000. Toa rejesho la mkopo, shilingi 40,000. Zimebaki shilingi 10,000.

Lakini mwisho wa mwezi sanduku halina hata hizo 10,000. Tena mama huyu amekopa rasta dukani. Fedha imekwenda wapi? Kila jioni alichukua shilingi 2,000 za mboga na mafuta ya taa. Kwa siku 30 ni shilingi 60,000, nazo hakuziandika. Alikuwa na 10,000, akala 60,000. Zile 50,000 zilizozidi alizitoa kwenye mtaji, yaani fedha ya kununulia rasta za mwezi unaofuata.

Baba watoto anasema, "Saluni inakula fedha." Mama anasema, "Saluni ndiyo inalisha nyumba." Wote wawili wamesema kweli, ndiyo maana ugomvi hauishi. Zile 2,000 si wizi. Ni mshahara wa mama. Ziandikwe kama mshahara, kila siku, kama anavyoandika pango. Hapo ndipo wataona kwamba kazi inalipa kidogo kuliko wanavyokula.

Mkono wa mtu nao una bei. Kabla ya kulipa mkopo, mama huyu alibakiwa na shilingi 50,000 kwa siku 26 za kazi. Gawanyeni. Haifiki shilingi 2,000 kwa siku, na amesimama tangu asubuhi hadi giza. Angeosha vyombo kwa mama lishe angepata kiasi gani? Angepalilia tumbaku ya mtu je? Kila mmoja anajua bei ya kibarua cha mtaani kwake. Aiandike pembeni ya hesabu hii, kisha atazame.

Tutazame pia ile draya. Aliinunua kwa shilingi 350,000, ndiyo iliyomfanya akope. Sasa anasema, "Siwezi kufunga, nimetumia fedha nyingi mno." Hapa wengi hukwama. Fedha ile imekwisha kwenda. Akifunga haitarudi, akiendelea haitarudi. Swali la leo ni draya inaingiza nini na inakula nini. Draya na dawa vimeingiza 27,000. Umeme umekula 30,000, bado hatujagusa bei ya dawa. Kinachomlisha mama huyu ni vidole vyake.

Basi, kuna njia ya tatu ambayo majirani hawakuitaja. Afunge chumba, asifunge kazi. Arudi kusuka barazani kwake, au awafuate wateja nyumbani. Tuseme atapoteza zaidi ya nusu ya mapato, aingize shilingi 150,000 tu. Rasta na mafuta zitachukua kama 60,000. Pango halipo, umeme wa draya haupo. Zimebaki 90,000. Akilipa mkopo 40,000, anabaki na 50,000. Chumbani alikuwa akibaki na 10,000. Hata mapato yakishuka mpaka 100,000, rasta zikachukua 40,000, baada ya mkopo atabaki na 20,000. Na draya akiiuza, hata kwa nusu ya bei, itapunguza deni.

Mtaona kwamba katika hesabu hii binti hayumo. Hili ndilo zito, nasi hatupendi lipitwe haraka. Binti anategemea zile 60,000. Tunaona afadhali alipwe kwa kichwa: akisuka kichwa kimoja, apate sehemu yake. Lakini mwezi mwingine hatafikisha 60,000, na haifai ajue siku ya malipo. Mama mdogo wake amweleze mapema, daftari likiwa wazi mbele yao. Kama amekwisha kuiva kazini, huenda atataka kujitegemea.

Watu watasema, "Amefilisika." Watasema, kweli. Watasema wiki mbili, kisha wataleta vichwa barazani.

Tumesikia njia nyingine za kuokoa saluni. Moja ni kuuza mkorogo. Tunasema hapana. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, ile ile mnayoiona kwenye karai ikikamata dhahabu. Huingia mwilini kupitia ngozi na kudhuru figo. Zimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 ukaguzi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS.

Njia nyingine ni mkopo wa pili. Mikopo ile mnayoiita kausha damu imepata jina lake kwa haki, na msusi anayelipa mkopo kwa mkopo hawezi kusuka vichwa vya kutosha. Mikopo ya halmashauri ni afadhali, maana haina riba. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Lakini mkopo usio na riba nao ni deni. Ukope kwa ajili ya kazi inayoingiza, usikope kuziba tundu usilolijua.

Na wale wateja wa "nitakulipa duara likitema"? Ziandikwe jina kwa jina. Wapo wasusi ambao saluni zao zina faida, ila faida yenyewe imekaa vichwani mwa watu. Huyo asifunge. Aache kukopesha.

Anayeamua kuendelea aandike tarehe kwenye jalada la daftari. Tuseme miezi mitatu, nayo iwe miezi ambayo fedha huwapo mjini. Aandike pia kiasi anachotaka kibaki kwa mwezi, kisipungue kile cha kibarua. Tarehe ikifika na kiasi hakijafika, atafute kazi nyingine. Aandike sasa akiwa ametulia, maana siku mwenye nyumba anagonga mlango hakuna anayefikiri vizuri.

Tutakutana tena Alhamisi ijayo, saa kumi jioni. Kila mwenye biashara aje na daftari la wiki moja, hata kama lina madoa ya mafuta ya nywele. Mwenye mkopo aje na karatasi ya mkopo wake. Tutaisoma pamoja, tukianzia na yale maandishi madogo ya chini.