TREKTA LENYE BABA WENGI
Hotuba iliyosomwa mbele ya mafundi na madereva wa Lodwar, kisha ikarudiwa Kakuma



Tumekuja kuzungumza nanyi habari za matrekta ya zamani, haya ambayo mpaka leo yanavuta maboza ya maji na matrela ya mchanga hapa Turkana. Hatukuja kuwapigia hadithi. Mwenzetu mmoja wa Lodwar amekatwa mshahara kwa ajili ya pistoni ambazo hazikuingia.

Kisa chenyewe ni hiki. Trekta lilikuwa likila oili na kutoa moshi mweupe. Tajiri, kwa haraka zake, akataka spea ziagizwe kabla injini haijafunguliwa, ili trekta lisilale kazi. Akauliza ni trekta gani. Fundi akatazama ubavuni mwa boneti, akajibu kama palivyoandikwa: Massey Ferguson 35. Oda ikaenda Kitale, karibu kilomita 300, na baada ya siku nyingi zikaja pistoni tatu na ringi zake. Hedi ilipofunguliwa, mashimo yalikuwa manne. Tajiri akamwita fundi mjinga, akamkata bei ya spea pamoja na nauli ya lori.

Sasa sikilizeni jinsi mambo hayo yalivyotokea, maana yalianza mbali.

Mwaka 1953 kampuni ya Massey-Harris ya Kanada iliungana na ile ya Harry Ferguson. Yule Ferguson hakuwa akiunda matrekta yake mwenyewe Uingereza. Trekta lake dogo la kijivu, TE20, liliundwa na kampuni ya magari ya Standard mjini Coventry tangu 1946. Hata hilo la kijivu halikuwa na injini moja. Ya kwanza ilikuwa Continental kutoka Marekani, halafu ikaja ya Standard, ndugu ya injini ya motokaa ya Vanguard. Tena Perkins nao waliuza injini yao ya P3 ya kutiwa humo humo.

Ndipo likaja 35, jekundu, na dizeli ya Standard ya silinda nne. Mwaka 1959 Massey Ferguson wakainunua kampuni ya Perkins, na mwaka ule ule wakachukua kazi ya matrekta ya Standard. Mwenye kisima chake hachoti maji kwa jirani. Basi 35 likatiwa Perkins ya silinda tatu. Rangi ni ile ile na namba ubavuni ni ile ile, lakini moyo ni mwingine. Wakubwa walitia sahihi karatasi zao huko, na fundi wa Lodwar akaachiwa fumbo.

Lakini tusifichane, ndugu. Mwenzetu angeweza kuyahesabu mabomba yanayotoka katika pampu ya dizeli kwenda kwenye nozeli. Yakiwa manne, ni Standard. Yakiwa matatu, ni Perkins. Ni kazi ya nusu dakika, bila spana. Tumemwambia hayo yeye mwenyewe, naye amekubali. Kusahau kuhesabu, hata hivyo, si kuharibu mali kwa kusudi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Hapo makusudi yako wapi? Na aliyeharakisha oda ni nani?

Huko Kakuma mambo yamezidi. Tumeliona trekta moja lenye boneti ya 135, aina iliyotoka mwaka 1964, injini ya 35, na ekseli ya mbele ambayo hata mwenyewe hajui ilikotoka. Nati nyingine ni za inchi, nyingine za milimita, na kijana asiyeambiwa huzivunja meno kwa spana isiyo yake. Hayo yavumilika. Lisilovumilika ni breki: ya kulia imetoka trekta moja, ya kushoto jingine, na kila ukikanyaga trekta lavutia upande. Dereva huyo hushuka ukingo wa Tarach na boza lililojaa nyuma yake. Tumemwambia asishuke tena mpaka breki zitengenezwe sawa, na akitishwa kufukuzwa kwa ajili hiyo, aje kwetu siku hiyo hiyo, asingoje mwisho wa mwezi.

Tunaloomba kwa matajiri ni dogo. Kila trekta liwe na kadi yake: namba ya injini iliyosomwa kwenye bloku yenyewe, hesabu ya silinda, gia boksi ya aina gani, breki zimetoka wapi, na kila kitu kilichobadilishwa na tarehe yake. Oda ya spea iandikwe kutoka kwenye kadi, itiwe sahihi na fundi na tajiri wote wawili. Ikija spea isiyoingia, wote wawili wataitazama kadi.

Kadi za kwanza zimekwisha pigwa chapa, ziko kwa katibu. Njooni na kitambaa na brashi ya waya, maana namba nyingi zimefunikwa na grisi na vumbi la miaka.

Barua ya kudai fedha za mwenzetu ilipelekwa juma lililopita. Jibu bado.