Mshika Sindano Naye Apimwe

Msikilizaji, utakumbuka mwaka 2011. Magari yalipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa ya Babu, marehemu Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Wataalamu wa serikali waliupima mti wa dawa ile, mugariga, kama una sumu. Lakini wapo wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa, na hilo maabara haiwezi kulipima.

Nalikumbusha kwa sababu leo nazungumzia tiba ya Kichina, ya mitishamba na sindano. Siibezi hata kidogo. Tangu 1987 Muhimbili na madaktari wa China walishirikiana kuwatibu wenye VVU kwa mitishamba. Wakulima wa hapa Arusha wamelima artemisia, mmea uliompa mwanasayansi wa China Tu Youyou dawa ya malaria na Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mmea umeshajitetea. Mimi namwulizia mtu anayeutumia.

Sheria Namba 23 ya 2002 ilituletea Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mganga anatakiwa asajiliwe. Vema. Ila daftari la usajili linatuonyesha mganga ni nani na yuko wapi. Ustadi wake utaonekana akiwa kazini. China kwenyewe, kwa sheria iliyoanza Julai 2017, aliyejifunzia kwa mwalimu wake bila kupita chuoni hudhaminiwa na madaktari wasiopungua wawili wa tiba hiyo, kisha mkoa unampima kwa vitendo. Hata mzee wetu wa Ngaramtoni, aliyerithi mizizi kwa baba yake, anaweza kupimwa hivyo bila kuvunjiwa heshima.

Apimwe nini? Sindano ya kifuani ikizama mno hutoboa pafu: aonyeshe anavyoichoma. Aeleze dawa yake inagombana na zipi za hospitali. Kama hajui Kiswahili, mkalimani wake naye asikilizwe, maana neno moja likipotea, ugonjwa umebadilika. Na zaidi ya yote, aletewe mtoto mwenye homa na shingo iliyokakamaa, tuone kama atashika sindano au ataandika rufaa ya Hospitali ya Mount Meru saa ileile. Kwangu mimi, anayefeli hapo amefeli mtihani mzima.

Baraza, tunawaomba mlibebe hili. Nawe msikilizaji, kabla hujapanda kitanda cha matibabu, omba cheti cha usajili, na usome jina lililoandikwa: liwe la huyo anayekushika mkono, jina la kliniki pekee halitoshi.