Wanabatiza kama sisi, lakini Mungu wao ni yupi?

Fungua Biblia yako kwenye 1 Wakorintho 15, mstari wa 29, uiache wazi mezani. Tutaufikia.

Vijana wale mnawajua. Wanatembea wawili wawili katika komini za Kenya, Katuba na Ruashi, shati jeupe, karavati, na kibao cha jina kifuani. Wanaamkia watu vizuri. Kanisa lao linaitwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na tangu 2018 wakubwa wao wanaomba watu waache kusema Wamormoni. Nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, ililipa ruhusa 1986. Hekalu lao la Kinshasa lilizinduliwa 2019. La hapa Lubumbashi lilitangazwa 2020, na kazi ya ujenzi ikaanzishwa 2022. Kwa hiyo tunazungumza juu ya majirani.

Watu wetu wanachanganyikiwa kwa sababu ya kufanana. Hawa ndugu wanabatiza kwa kuzamisha, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Wanaweka mikono ili mtu apokee Roho. Wanatoa fungu la kumi. Hawagusi lutuku wala sigara, hata kahawa na chai wameziacha. Wanaamini kuwa Mungu angali anasema na manabii. Mpentekoste akisikia hayo anasema: si ni sisi hawa?

Polepole. Neno lilelile linaweza kubeba mzigo mwingine. Joseph Smith, kijana wa Marekani, alisema kwamba 1820 alimwona Baba na Mwana, watu wawili mbele yake, akaambiwa makanisa yote yamepotea. Mwaka 1830 alitoa Kitabu cha Mormoni na kuanzisha kanisa lake. Wanafundisha kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa kama wetu, kwamba Baba, Mwana na Roho ni watatu mbalimbali walioungana kwa nia tu, na kwamba mwanadamu aliyekamilika anaweza kupanda hadi kuwa kama Mungu alivyo. Sisi, pamoja na Wakatoliki, Wamethodisti na wote wanaoshika imani iliyokiriwa Nikea mwaka 325, tunakiri Mungu mmoja, asiye na mwanzo, ambaye hatutalingana naye kamwe. Ndiyo maana Roma ilitamka 2001 kwamba ubatizo wao si ubatizo, hata kama maneno yanafanana.

Wala msidhani ni chuki kwa wageni. Ndugu zetu Wakimbangu, wana wa nchi hii kabisa, walipokelewa katika Baraza la Makanisa la Ulimwengu mwaka 1969, na mwaka 2021 uanachama wao ukakatishwa kwa sababu ya jambo hilihili la Utatu. Na tujiangalie sisi wenyewe. Kuna wahubiri wa kwetu wanaopaza sauti kwamba mwamini ni mungu mdogo. Anayesema amina kwa hayo Jumapili atamjibu nini kijana wa karavati Jumatatu?

Kuna jambo la ngozi pia, na wengi hawalijui. Mpaka Juni 1978 kanisa lile halikumpa mwanamume mweusi ukuhani. Leo wameyakana mafundisho ya zamani yaliyosema weusi ni alama ya laana, na tunashukuru. Nasi Wapentekoste tusijivune: uamsho wa mtaa wa Azusa, 1906, uliongozwa na William Seymour, mtu mweusi, na baada ya miaka michache weupe wengi walikwenda kuunda makundi yao. Lakini swali linabaki. Kanisa linalosema linaongozwa na nabii aliye hai, ilikuwaje manabii wale wote wasilione kosa hilo kwa zaidi ya miaka mia?

Sasa mstari wetu. Mama mmoja ametuuliza: kijana wake amejiunga nao, naye anataka majina na tarehe za nkambo wake, aliyekufa bila kubatizwa, ili abatizwe kwa niaba yake hekaluni. Mama anaogopa. Akikataa, amemfungia nkambo mlango? Akikubali, amemkana Bwana?

Mama, soma pole pole. Paulo anasema juu ya watu fulani waliofanya hivyo, ili kuonyesha kwamba hata wao walitegemea ufufuo. Hasemi kanisa lifanye, na hakuna mtume aliyefanya. Katika Luka 16 yule tajiri hakuvushwa na maji ya mtu yeyote. Nkambo wako yuko mkononi mwa yule Ibrahimu aliyemwita Mwamuzi wa dunia yote, na huyo haonei mtu. Nani anajua alimwita Mungu vipi usiku wake wa mwisho? Hukuwepo, nami sikuwepo.

Majina ni mali ya famiye, na kijana ni wa famiye. Akiuliza nkambo alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, mwambie, ni haki yake. Lakini mwambie wazi vilevile: mwanangu, mimi siamini maji hayo yanamfikia, na sitakwenda. Usimfukuze kwenye bukari. Hata maneno makali ya matanga usiyatumie. Siku akiwa ametulia, muulize swali moja tu: Baba yetu wa mbinguni, amekuwa Mungu tangu lini? Mwache alifikirie. Akitaka kulizungumza, mlango wa mchungaji uko wazi, na akirudi tutamfundisha upya na kumbatiza, kwa kuwa ule wa kule hatuuhesabu.

Tuombe. Baba, Mungu wa milele, mkumbuke kijana huyu, na mama yake anayelala bila usingizi. Kwa jina la Yesu. Amina.