TUNUNUE KWA MKONO, TUSINUNUE KWA MACHO
(Maneno ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)

 

 Miaka 10 si midogo. Wapo tulioanza nao ambao leo hatunao, na wapo watoto waliokuwa mgongoni siku ile ya kwanza, leo ndio waliowapangia viti mlivyokalia. Taarifa ya fedha mtasomewa na Mtunza Fedha, tusimwingilie kazi yake. Sisi tulipewa nafasi ya kusema jambo moja la faida kwa kila mtu, mwanachama na asiye mwanachama. Kamati ilikaa, ikafikiri, ikaamua tuzungumze juu ya machungwa.

Msicheke jamani. Wanachama wa zamani wanajua kwa nini.

Ilikuwa mwaka wa tatu wa kikundi chetu. Mfuko ulikuwa umepata nguvu kidogo, tukaona fedha zisilale tu kwenye sanduku. Tukakubaliana tununue machungwa kwa jumla, tuyauze kwa mafungu siku ya gulio, na mengine tuyakamue juisi kwa ajili ya sherehe ya watoto wanaomaliza darasa la saba. Tukamtuma mwenzetu mmoja aende barabara kuu, kule malori yanakopita yakitoka Kahama na Nyakanazi kuelekea Rusumo. Akarudi na matenga manne. Machungwa makubwa, ya njano, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Tulipoyaona tulipiga vigelegele, sote, wala hakuna aliyenyamaza.

Siku ya gulio mteja wa kwanza akamenya, akatafuna, akatema. Wa pili hivyo hivyo. Ndani yalikuwa makavu kama pamba. Tulipofika katikati ya tenga tukakuta mengine madogo, na chini kabisa yameoza. Tulimaliza siku ile tukirudisha hela za watu, na yaliyobaki tukawapa mbuzi.

Hasara iliuma, lakini maneno yaliuma zaidi. Ikaanza kusemwa kwamba mwenzetu amekula hela na mwenye mzigo. Wengine wakataka watoe hisa zao wakae pembeni. Yeye mwenyewe hakuonekana mikutano miwili, na hata kisimani alikuwa anakwenda saa ambayo watu hawapo. Ndugu zetu, siku zile kikundi kilikuwa kinakufa na sisi tunakiangalia.

Kamati ikakaa. Mama mmoja akaleta machungwa machache, makubwa ya njano na madogo ya kijani, akayaweka mkekani, akasema, kila mtu achukue lile ambalo angenunua. Kila mmoja wetu akachukua kubwa la njano. Tukayakata. Ya njano yalikuwa makavu, na yale ya kijani tuliyoyaacha yalikuwa yanamwaga maji. Tukaangaliana. Basi kumbe kosa halikuwa la mtu mmoja. Tulimtuma mwenzetu peke yake, na hela, bila ujuzi ambao hata sisi hatukuwa nao. Tukaenda nyumbani kwake kamati nzima, tukamwomba radhi, na hasara tukaigawana wote. Akakubali kurudi kwa sharti moja, kwamba tujifunze pamoja. Leo ndiye msimamizi wa ununuzi wa kikundi, na yupo hapa kakaa, ingawa hapendi tumtaje.

Sasa tuwape yale tuliyojifunza, ili fedha zenu zisiende kwa mbuzi.

La kwanza ni uzito. Chungwa zuri sehemu kubwa ni maji, na maji yana uzito. Chukua machungwa mawili yaliyo sawa kwa ukubwa, moja mkono huu na moja mkono huu. Lililo zito ndilo lenye maji. Kubwa jepesi liache hapo hapo, hata kama muuzaji anakuita mama mkwe. Machungwa makubwa sana, na yale yaliyokaa mno mtini, mara nyingi ndiyo hukauka ndani, na ukavu huanzia upande wa kikonyo.

La pili ni ganda. Tafuta ganda jembamba, laini, lenye vitundu vidogo vidogo, na ukilibonyeza kidogo liwe gumu na kurudi mahali pake. Ganda nene lenye mabonde na vilima mara nyingi linaficha chungwa dogo ndani ya koti kubwa. Ukisikia limeachana na nyama, kama mpira uliopungua upepo, hilo limezeeka. Chenza ndilo lenye ruhusa yake, maana ganda la chenza kwa asili halikushikana sana na nyama. Lakini hata chenza lazima liwe zito mkononi.

La tatu ni rangi, na hapa ndipo tulipoangukia. Rangi ya njano siyo dalili ya kuiva. Ganda la chungwa huacha ukijani pale usiku unapokuwa na baridi. Ndiyo maana machungwa ya kwenye vilima vya Ngara yanageuka njano vizuri, na ya Muheza kule Tanga, kwenye joto la pwani, yanaweza kuiva kabisa na kujaa sukari huku yakiwa bado ya kijani. Tena chungwa la aina ya Valencia likikaa mtini baada ya kuiva huweza kurudia ukijani. Huko nchi za nje wafanyabiashara huyaweka machungwa kwenye chumba chenye gesi inayoitwa ethilini ili yageuke rangi yawapendeze wanunuzi. Gesi hiyo hubadilisha ganda tu, utamu ndani hauongezeki. Basi tukimkuta mama ana machungwa ya kijani tusimpite kwa dharau. Tuyapime kwa mkono.

La nne, chungwa haliivi nyumbani. Ndizi ukiichuma mbichi ukaifukia itaiva. Embe na parachichi vivyo hivyo. Chungwa, chenza, limau, vyote hivi vikishakatwa mtini utamu hauongezeki tena. Chungwa chungu la leo ni chungwa chungu la wiki ijayo, isipokuwa litakuwa limekauka zaidi. Kwa hiyo sisi wenye miti tuache tabia ya kuchuma mapema kwa sababu ada ya mtoto imefika. Ukichuma machanga unauza mara moja, na mteja harudi. Tunajua ada haisubiri, ndiyo maana kikundi kina mkopo wa dharura. Chukua mkopo, acha matunda yakomae.

La tano, angalia madoa. Doa la kahawia lililo kavu, la juu juu, kama chungwa lilisuguana na tawi, halina neno. Lakini ukiona tundu dogo kama la sindano na pembeni pake pamelainika, huyo ni nzi wa matunda ametaga mayai, na ndani utakuta funza. Nzi mmoja mharibifu sana, asili yake Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na Tanzania amekwisha kuenea. Matunda yaliyoanguka chini ya miti yetu tusiyaache hapo yaozee. Tuyaokote, tuyafukie shimo refu, maana humo ndimo nzi anamozaliana.

La sita, usinunue tenga kwa kuangalia juu. Mwombe muuzaji amimine, au ingiza mkono hadi katikati na hadi chini. Kisha toa hela ya chungwa moja, likate, lionje. Muuzaji mwaminifu hakatai. Akikataa, mkono wako urudi kwenye kitenge ulikofunga pesa. Na machungwa yaliyosafiri siku nyingi juu ya lori, jua linawaka, upepo unapiga, hupoteza maji njiani hata kama yalichumwa mazuri. Uliza yametoka wapi na yamefika lini.

Kuhusu ndimu na limau, kanuni ni ile ile ya uzito na ganda laini. Ndimu ngumu ya kijani kibichi mara nyingi haijajaa maji, ile inayoanza kuingia unjano hutoa maji zaidi. Kabla ya kukamua, iviringishe juu ya meza kwa kiganja, ukiikandamiza kidogo, utaona tofauti.

Ukifika nyumbani usiyafungie kwenye mfuko wa plastiki, yatatoa jasho yaoze. Yatandaze kivulini penye hewa. Usiyaoshe mpaka saa ya kula. Kila siku pitisha jicho, likionekana moja lenye ukungu wa kijani au wa buluu litoe mara moja, maana ukungu huo unaambukiza majirani. Na wale vijana wetu wanaouza machungwa yaliyomenywa pale stendi, wamenye machache machache kadiri wateja wanavyokuja, wayafunike, wisu uoshwe. Chungwa likivuliwa ganda halichelewi kukauka.

Ndugu wanachama, mtu anaweza kuuliza, yote haya ya nini kwa tunda tu? Tunajibu kwamba hili siyo tunda la wagonjwa wa hospitali peke yao. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, alikuwa na mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye, fizi zinaoza na miguu haina nguvu. Aliwagawa wawili wawili, kila wawili akawapa kitu tofauti. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku ndio waliopata nafuu haraka kuliko wengine wote. Leo tunajua sababu ni vitamini C.

Vitamini hiyo ina kazi nyingine inayotugusa sisi kina mama. Chakula chetu huku ni ndizi na maharage, pamoja na mchicha na majani mengine. Maharage na mboga vina madini ya chuma ya kuongeza damu, lakini mwili hauyachukui kwa urahisi. Ukila chungwa pamoja na chakula hicho, au ukakamulia limau kwenye mboga, mwili unayachukua vizuri zaidi. Chai ya majani ukinywa juu ya chakula inafanya kinyume, inazuia. Basi mama mjamzito na binti aliyevunja ungo wakila maharage, wapewe chungwa, chai isubiri. Hii haichukui nafasi ya vidonge vya kliniki, vidonge vimezwe kama alivyosema muuguzi. Na wenzetu wanaotumia dawa za shinikizo la damu, kabla ya kula balungi waulize kwanza kwa mganga wa zahanati, kwa sababu balungi hugombana na baadhi ya dawa hizo.

Mgeni rasmi, tunamalizia. Baada ya mkasa ule tuliandika katika katiba yetu mambo matatu. Hakuna mwanachama anayetumwa na fedha za kikundi peke yake, wanakwenda wawili. Hakuna mzigo unaolipiwa kabla ya kufunguliwa na kuonjwa. Na ikitokea hasara, hakuna mtu anayetajwa jina mpaka kamati imekaa na kumsikiliza. Tumenunua machungwa mara nyingi tangu hapo, pia maharage, mbegu na vyombo vya sherehe. Siku nyingine tumepata faida, siku nyingine tumerudi na hela zetu mkononi kwa sababu mzigo haukuturidhisha. Lakini hatujampoteza mwenzetu hata mmoja kwa maneno.

Nje pale, karibu na mlango, kuna matenga mawili. Aliyeyachagua ni yule yule mwenzetu tuliyetaka kumfukuza. Mengi ni ya kijani. Kila mtu achukue mawili, ayapime mkono huu na mkono huu, kisha aniambie, aah, atuambie, lipi ni zito.

Tunawashukuru wote mliotuunga mkono miaka hii 10, waume zetu waliokubali tuje kwenye mikutano hata siku za kazi za shamba, na viongozi waliotupa mahali pa kukutania. 

Kidumu kikundi chetu!