Gari Likikwama, Tuanze na Habu

Maneno tuliyowaambia madereva na kamati za usafiri za vikundi vya kujisaidia

Leo hatutasema juu ya mbuzi wala mizinga ya nyuki. Tutasema juu ya gari la kikundi. Mtatuuliza, ninyi watu wa maendeleo mmejuaje mambo ya mafundi? Tumeyajua kwa kukwama.

Msimu mmoja wa mvua tulikuwa tumembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa katika Land Cruiser ya mradi. Tulipoingia kwenye udongo mweusi, ule kama wa Mwea au Kano, dereva akatia H4. Gari likaunguruma. Magurudumu ya nyuma yakachimba, ya mbele yakatulia tu. Vijana walimbeba yule mama kwa machela mpaka barabara ya murram. Mama na mtoto ni wazima, lakini ilibaki kidogo.

Gari likavutwa mpaka mjini. Fundi akasema giaboksi ndogo imekufa, tununue nyingine. Kamati ikaanza kuhesabu ng'ombe wa kuuza. Basi dereva mmoja mzee akasema, "Hebu tupige jeki kwanza." Giaboksi ilikuwa nzima. Habu ya kushoto ndiyo iliyokuwa imeingia maji na kutu, haishiki. Tulitengeneza kwa mafuta ya taa, brashi, grisi kidogo na gasketi mpya. Ng'ombe wakabaki zizini.

Nguvu hupita wapi?

Nguvu hutoka kwenye injini, ikapita giaboksi kubwa, kisha giaboksi ndogo yenye mkono wa H2, H4 na L4. Hapo hushika propela ya mbele, ikaingia difu, ekseli, halafu habu, ndipo gurudumu lizunguke. Ni kama mfereji wa maji. Maji yasipofika shambani hatufukui mfereji wote. Tunaufuata tuone yamepotelea wapi.

Habu ni kile kifuniko katikati ya gurudumu la mbele chenye maandishi FREE na LOCK. Kwenye FREE gurudumu linazunguka peke yake. Kwenye LOCK linashikana na ekseli. Sasa sikilizeni vizuri: difu hupeleka mzunguko upande ulio mwepesi. Habu moja isiposhika, ekseli ya upande huo huzunguka bure, na gurudumu la pili halivuti, hata kama habu yake ni nzima. Kwa hiyo habu moja mbovu, au moja iliyosahauliwa kwenye FREE, inatosha kutukwamisha.

Namna ya kupima

1. Simamisha gari mahali tambarare. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Habu zote mbili ziwe FREE.

2. Tia H2, shika propela ya mbele kwa mkono: itazunguka. Sasa tia H4 na gia ya kwanza. Propela isikubali kuzunguka. Ikizunguka bado, shida iko kwenye giaboksi ndogo au mkono wake. Ikikataa, endelea mbele. Wakati huo huo itikise propela. Ikicheza kwenye krosi, hapo ndipo unatoka ule mlio wa "ko!" gari likianza kuondoka.

3. Ukiacha H4 na gia vile vile, inua magurudumu yote mawili ya mbele na uweke vigingi imara chini ya ekseli. Usitegemee jeki peke yake. Injini isiwashwe kabisa, maana magurudumu ya nyuma yatalisukuma gari lianguke.

4. Funga habu zote mbili kwenye LOCK. Zungusha gurudumu la kushoto. La kulia linatakiwa kuzunguka kinyume chake. Likifanya hivyo, habu, ekseli na difu zinashikana.

5. Likikataa, pima moja moja. Weka moja LOCK na nyingine FREE. Gurudumu la LOCK liwe zito kidogo, na usikie gia za difu zikizunguka ndani. Likiwa jepesi na kimya kama la FREE, habu hiyo ndiyo ya kufungua kwanza.

6. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likigonga, beringi zimelegea.

Kuna dalili nyingine za njiani. Ukisikia "tik-tik-tik" unapokata kona ukiwa kwenye H4, kiungo cha ekseli ndani ya gurudumu kimekwisha. Grisi ikivuja pale gurudumu linapopindia, sili imechoka. Mafuta ya difu yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Tabia za kuzuia hasara

Usikaze habu kwa koleo. Ikiwa ngumu, sogeza gari kidogo mbele au nyuma ili meno yakutane, kisha zungusha kwa mkono. Ukiifungua, paka grisi nyembamba. Ukiijaza itashindwa kusogea. Mara moja kwa mwezi funga habu na uendeshe kilomita 15 hivi kwenye barabara ya udongo, mafuta yafike kila mahali. Na jameni, H4 si ya lami! Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye udongo yatateleza kidogo. Kwenye lami vyuma vinajinyonga, usukani unakuwa mzito na mkono wa gia unakwama. Ikitokea, rudi nyuma polepole ukiwa umenyooka, utaachia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hatusemi mafundi ni wabaya. Tunasema kikundi kinachojua kupima kinaenda kwa fundi na swali, si na pochi wazi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nani kati yetu alipima habu za gari letu kabla ya mvua iliyopita?
2. Je, gari lina jeki, vigingi na spana zake, au vimeazimwa?
3. Fundi akitaja bei kubwa, nani anapima kabla ya mweka hazina kulipa?

Sasa twendeni nje, gari linatungoja.