Tusimwandikie Mtoto Kesho Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tunduma)



Nimetakiwa niseme juu ya nyumba na mtoto mkosaji, na kama yawezekana kumjua mkosaji kabla hajakosa. Mimi si bingwa. Ni karani, na kazi yangu ni kupiga chapa taarifa za wengine.

Mwaka 1950, Bwana Sheldon Glueck na mkewe Eleanor walitoa kitabu juu ya wavulana 500 wakosaji wa Boston, Marekani, na wengine 500 wasio wakosaji, waliolingana nao kwa umri, asili, akili na umaskini wa mitaa yao. Nyumbani walitazama mambo matano: adabu aitoayo baba, uangalizi wa mama, upendo wa baba, upendo wa mama, na umoja wa jamaa. Wakayapa maksi, wakafanya jedwali, wakasema kwalo mtoto aweza kupimwa aanzapo shule.

Mambo hayo si mageni kwetu. Hapa mpakani baba yumo safarini na lori, mama amevuka alfajiri kwenda Nakonde na bidhaa zake, na mtoto ashinda katikati ya foleni ya magari.

Lakini hesabu ile ina mtego. Katika wavulana wale 1,000 nusu walikuwa wakosaji; mitaa yetu, namshukuru Mungu, haiko hivyo. Tuseme tuna watoto 100, watakaokosa ni 10, na jedwali lapatia mara 9 katika 10. Litawashika wakosaji 9, na pamoja nao watoto 9 wasio na kosa lo lote. Nani atawaomba radhi hao?

Tena, miaka ya 1980, Mabwana Robert Sampson na John Laub walizifungua upya karatasi za akina Glueck zilizowekwa Harvard. Waliona kweli kwamba malezi yana nguvu. Lakini walipowafuatia wale wakosaji hata umri wa miaka 70, wengi walikuwa wamekwisha kuacha maovu. Wengine kwa ndoa, wengine kwa kazi au jeshi.

Kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka mahakama itazame taarifa ya afisa ustawi wa jamii kabla ya kutoa amri, na amri yaweza kumpeleka mtoto Irambo, Mbeya, katika shule ya maadilisho. Basi maneno yetu ni mazito. Nami nakiri kosa langu. Zamani, katika ofisi nisiyoitaja, niliipiga chapa taarifa ya mvulana aliyeiba betri ya lori: "Hana baba, ataharibika." Nje ya mlango alikaa bibi yake tangu asubuhi, na chakula chake kitambaani. Nilimwona. Taarifa haikumtaja hata kwa neno moja, nami sikuuliza.

Ombi langu ni dogo: tuletewapo taarifa ya namna hiyo tumwulize aliyeiandika, kwa adabu, ni nani amtazamaye mtoto huyu jioni, na jibu liandikwe.

Ni hayo, Bwana Mwenyekiti. Maswali nitayapokea.