Je, Ni Paka Anayetupigisha Chafya?

(Mazungumzo na wanakisomo na wahitimu wa Mjimwema, Songea)



Leo tuzungumze juu ya wanyama tunaoishi nao ndani ya nyumba: paka, mbwa, na kwa wengine hata simbilisi wa jikoni. Mara nyingi tunasikia mtu akisema, "Mwanangu hapumui vizuri usiku. Ni yule paka, nitamuua." Jirani naye anajibu, "Paka hana kosa, mtoto karogwa huyo." Wote wawili wamekata hukumu kabla ya kuchunguza. Sisi tunaojua kusoma na kuandika tunayo njia iliyo bora zaidi.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Unaitwa mzio, na wengine huuita aleji. Jina hilo la aleji lilitungwa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa Austria. Mwili wetu una askari wa kupigana na vijidudu. Kwa mtu mwenye mzio, askari hao hupigana na kitu ambacho wenzake hakiwadhuru. Vita hiyo ndiyo inayoleta chafya za mfululizo, pua kuwasha na kutoka maji, macho mekundu, na vipele. Kwa mwenye pumu, kifua hubana na kulia kama filimbi.

Wengi hudhani ubaya uko kwenye manyoya. Sivyo. Uko katika mate, mkojo na ukurutu wa ngozi ya mnyama. Paka hujilamba mchana kutwa. Mate yakikauka huwa vumbi jepesi mno. Vumbi hilo huelea hewani, hushika nguo, na huingia katika godoro.

Sasa basi, tutajuaje kama ni paka? Tahadhari ya kwanza: si kila chafya ni mzio. Mafua ya kawaida huisha kwa wiki moja au siku kumi hivi. Homa kali si dalili ya mzio. Na kikohozi kilichofikia wiki mbili kinahitaji kupimwa kifua kikuu. Kipimo hicho na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. Nenda kituo cha afya hapa Mjimwema upime. Usikae nyumbani ukimlaumu paka kumbe ni kifua kikuu.

Tahadhari ya pili: mambo mengi huja pamoja. Angalieni huku Songea miezi ya Juni na Julai. Baridi ni kali, paka anaingia ndani kutafuta joto. Lakini wakati huohuo madirisha tumeyafunga, moto unawaka ndani, na mahindi mapya yamejaa nyumbani na vumbi lake. Mtoto akianza kukohoa, nani mwenye kosa? Kuna moshi, vumbi la mahindi, ukungu wa ukutani, mende, na wadudu wadogo wa godoro wasioonekana kwa macho. Wote hao ni washitakiwa.

Hapa ndipo daftari linapofanya kazi. Kila jioni andika mistari michache, hivi:

Jumatatu. Paka kalala kitandani. Moshi hakuna. Asubuhi chafya nyingi, macho mekundu.

Jumanne. Paka kalala nje. Mama kapukuchua mahindi ndani. Chafya na kikohozi.

Jumatano. Paka nje. Moshi hakuna, mahindi hakuna. Mtoto kalala vizuri.

Mnaona? Siku tatu hazitoshi kukata shauri, lakini tayari tunaona kwamba paka hayuko peke yake kizimbani. Endelea wiki mbili au tatu.

Kisha jaribu, ila badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukimtoa paka, ukahamisha mahindi na kuzima moto siku hiyohiyo, mtoto akipona hutajua kilichomponya. Wala usitegemee jibu la siku tatu. Paka akiondoka, vumbi lake hubaki ndani ya nyumba kwa miezi kadhaa. Mtoto akienda kwa shangazi akapata nafuu, na akirudi akaugua tena, umejua kwamba tatizo liko nyumbani. Bado hujajua ni kitu gani. Na jamani, msimpakate paka mtoto mwenye pumu eti mnampima. Hiyo ni hatari.

Daftari lako mpelekee mganga. Hospitali kubwa huweza kupima mzio kwa kuchoma ngozi kidogo au kwa damu. Hata hivyo, kipimo peke yake hakitoshi. Lazima kipatane na yale uliyoandika.

Je, ikithibitika kwamba ni paka? Si lazima kumuua. Akiondoka bila mpango, panya watajaa ghalani, na mkojo wa panya nao huleta mzio. Paka alale ghalani, asiingie kabisa chumba cha kulala. Mtoto anawe mikono akimgusa. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki na kuanikwa juani. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na mgonjwa asiwepo wakati huo. Kama baada ya miezi michache ya kufanya hivyo kifua bado kinambana, mtafutie paka nyumba nyingine. Uhai wa mtoto una thamani kuliko mahindi.

Mwenye pumu asiache dawa aliyopewa hospitalini ati kwa sababu paka ametolewa. Na mkiona mgonjwa hawezi kumaliza sentensi kwa kuhema, mbavu zinabonyea akivuta pumzi, au midomo inabadilika rangi kuwa ya buluu, acheni daftari na paka wenu. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Ndugu zetu, kalamu tuliyojifunza kuishika si ya kuandikia barua tu. Leo jioni fungueni ukurasa mpya, mwandike tarehe, mwanze.